"Nyuso zinanishinda": jibu kwa mchoraji wa Masasi

Barua yenyewe, nimeifupisha kidogo:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mchoraji, naishi Masasi, nina miaka 29. Kazi inayonilisha ni mabango: saluni za kunyoa, mama lishe, maduka ya vipuri vya pikipiki. Vile vichwa vya saluni vyenye mitindo ya nywele, karibu vyote vya hapa mjini ni vyangu. Usiku nachora picha zangu mwenyewe kwenye silingibodi kwa rangi ya mafuta. Nimechaguliwa kupeleka picha nne kwenye maonyesho Dar es Salaam, na wameniambia niandike ukurasa mmoja wa maelezo: kazi yangu inamaanisha nini na nini kinanisukuma. Nimekaa na karatasi wiki mbili. Nachora tu, Mwalimu. Nilianza kwa sababu ya hela. Rafiki yangu anayewajua wanunuzi kaniambia niandike mizimu ya Kimakonde, ndiyo inayouza, lakini mimi ni Mmakua. Niandike nini? Picha zenyewe hizo hapo, ni kinamama wa kwetu wanaobangua korosho. Samahani hawana nyuso, nyuso zinanishinda."

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na huyo rafiki yako, maana ushauri wake ndio unaoweza kukuponza mapema.

Mizimu usiandike. Sikukatazi kama mtu wa dini. Nakukataza kama mtu aliyeifanya kazi hiyo akalipwa. Ujanani, Dar es Salaam, mwenye duka moja la vinyago alinipa kibarua cha kuandika vikaratasi vya Kiingereza vya kufunga kwa uzi kwenye kila kinyago. Hakutaka nizungumze na wachongaji, aliona ni kupoteza muda. Alitaka nikitazame kinyago, nibuni. Na mimi kalamu yangu ilikuwa nyepesi. Mwanamke mwenye mtungi, nikamwita mama wa mvua. Mzee aliyeinama akawa mlinzi wa makaburi. Siku kalamu ikichanganya naandika vikaratasi hamsini kabla ya chakula cha mchana, na nikienda kula nacheka mwenyewe njiani.

Siku moja mzee wa Kimakonde, mtu wa upande wa Newala, alileta kazi mpya. Kule rafuni akakiona kinyago chake cha miezi mingi nyuma, hakijauzwa, kikaratasi changu kinaning'inia shingoni. Alikuwa mwanamke wa mpingo, urefu kama wa kiwiko mpaka ncha za vidole, ndoo kichwani, shingo imelala kidogo kushoto. Mzee akaniomba nimsomee. Nikamtafsiria: huyu ni roho wa mito, ameinamisha kichwa anawasikiliza wahenga.

Mzee alikichukua kinyago, akakigeuza, akapitisha kidole gumba shingoni. Akasema, "Huyu ni shemeji yangu."

Kisha akanieleza. Kule uwandani kwao maji ni shida ya tangu zamani. Watu walikuwa wakishuka bondeni kuyafuata, halafu wanaupanda ule mlima na ndoo kichwani. Shemeji yake alikuwa na namna yake ya kulaza shingo akipanda, mpaka shingo ikazoea, ikawa inalala hata akiwa amekaa tu kibarazani. Lakini mzee hakuwa amepanga kumchonga shemeji. Alikuwa anachonga mama wa kawaida, wa kuuza. Gogo lilikuwa na ufa upande wa kulia, na mpingo unaujua: mzito wa kuzama majini, kiini cheusi kama makaa, na magogo yake mengi ndani yana nyufa na mashimo. Alipoukwepa ufa kwa tezo, shingo ikaanza kulala. "Nikaona, kumbe ni wewe," akasema, kama anaongea na yule shemeji. Baada ya hapo alimaliza kwa makusudi.

Nilikikata kile kikaratasi. Mwenye duka alinipunguza kazi baadaye, lakini hiyo habari haina faida kwako.

Nimekusimulia kwa urefu kwa sababu mzee yule, bila kuombwa ukurasa wa maelezo, aliutoa wote palepale amesimama. Mti uliokuwa na ufa. Mkono uliokwepa. Mtu aliyemjia baada ya mkono kukwepa. Na mlima wenye shida ya maji. Hakusema kinyago "kinaakisi" kitu. Alisema kilichotokea, kwa mpangilio wake, na mimi niliyesimama mbele yake nikakiona kinyago kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimekiandikia.

Sasa hela. Umeandika sentensi ile kama mtu anayekiri kosa kituo cha polisi. Ndugu yangu, ungekuta sanaa gani huku kwetu ambayo hela haikushika taa? Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji walikuja wengi wao kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, uchongaji ukawa kazi ya kando, halafu ukawa kazi. Dar es Salaam, miaka ya 1950, palikuwa na mfanyabiashara, Mohamed Peera, aliyenunua na kuwahimiza. Mtindo tunaouita shetani, ule wa viumbe vyenye jicho moja, sikio la mnyama na mguu usiojulikana wa nani, unahusishwa na mchongaji Samaki Likankoa wa kipindi hichohicho. Hadithi inayosimuliwa zaidi na watu wa kazi hii ni kwamba ulianzia kwenye kinyago kilichomharibikia mkononi. Badala ya kukitupa akakiendeleza kilivyoharibika, na kikapata mnunuzi. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa jirani zetu Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kung'aa zinazopakwa baiskeli, na picha zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki 1972. Miaka minne tu, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. George Lilanga, aliyezaliwa 1934 Kikwetu, huku huku kusini, aliingia Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii cha Dar es Salaam, kama mlinzi. Mlinzi! Mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zinaonyeshwa Washington.

Huyu Lilanga ndiye wa kumwonyesha rafiki yako. Alikuwa Mmakonde na alichora mashetani maisha yake yote, lakini mashetani yake yanapika, yanapanga foleni, yanagombana, yanacheka na matumbo yametoka mbele kama ya watu wa baa. Majina ya picha nyingi ni sentensi nzima za Kiswahili, kama mtu anayekupasha habari za mtaani. Hayo yalikuwa yake, aliyaona kwenye uchongaji wa kwao akayahamishia kwenye rangi. Wewe ukiyaazima utavaa kanzu ya marehemu usiyemjua. Mswahili anauliza kwa kejeli kama kinyago ulichokichonga mwenyewe kinaweza kukutisha. Mimi nakuhakikishia, ulichokidanganyia kinatisha. Mtu atakusimamisha pale ukumbini akuulize, "Mzimu huu unaitwaje?" Utamwambia nini?

Kwa hiyo hela iandike ukitaka, mstari mmoja, bila kujipiga kifua na bila kuomba radhi. Ila ujue mpaka wake. Hela inaeleza kwa nini umeshika brashi saa nne usiku badala ya kulala. Kwa nini silingibodi ile ina kinamama wa korosho na haina twiga, hilo hela hailielezi, maana twiga angeuzika haraka zaidi na wewe unalijua. Hapo hela inanyamaza na wewe ndio unatakiwa uanze kusema.

Najua utaniuliza kama wazee wetu walikuwa na mambo haya ya kujieleza. Walikuwa nayo na hawakuwa nayo. Chukua lipiko, kinyago cha kuvaliwa kwenye ngoma za jando na unyago za Wamakonde. Aliyekivaa hatakiwi kujulikana. Mchongaji hakai mlangoni kuwaeleza watu alimaanisha nini. Maana ilikuwa kwenye ngoma, kwenye vumbi, kwenye kelele za watoto wanaokimbia, na nyingine ilikuwa siri ya waliopitia. Mwaka 2010 jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva lilirudisha Tanzania kinyago cha Kimakonde kilichoibwa mwaka 1984 kutoka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Habari zilizoandikwa zilikuwa nyingi: kiliibwa lini, kilinunuliwa wapi, kimerudi vipi. Jina la aliyekichonga sijaliona popote. Nitalirudia hili mwishoni kwa sababu lina somo la kalamu na nyuma ya silingibodi yako.

Ila kuna upande mwingine. Mwaka 1906, muda mfupi baada ya moto wa Maji Maji, Mjerumani mmoja, Karl Weule, alipita Lindi, Masasi na Newala akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Alifanya jambo moja ambalo mimi, pamoja na yote ninayomlaumu mkusanyaji yule, namshukuru nalo: aliwapa watu karatasi na penseli, akawaambia wachore wanachotaka. Miongoni mwa waliochora ni mnyapara wa wapagazi wake, aliyeitwa Pesa Mbili. Weule alikuwa akiwauliza, hiki ni nini? Wao wakamweleza, naye akaandika, na michoro ikachapishwa na majina ya wachoraji. Maelezo yale ni ya watu wanaotaja vitu: huyu ni nani, anafanya nini, yuko wapi. Swali unaloulizwa na watu wa Dar es Salaam, basi, lilishaulizwa hapohapo Masasi zaidi ya miaka 100 iliyopita, na waliojibu hawakutafuta neno gumu.

Weule huyohuyo aliandika hadithi ya asili ya Wamakonde. Mtu alikuwa peke yake porini, haogi, hanyoi. Akachonga mti mfano wa mwanamke, akausimamisha penye makao yake. Usiku ukawa mtu, akawa mkewe. Watoto wa kwanza waliozaliwa chini mtoni hawakuishi, wakahama, wakapanda, mpaka kule juu uwandani ndipo mtoto akaishi. (Ndiyo maana, wanasema, wanakaa juu kusiko na maji. Sasa unamwelewa na yule shemeji.) Mimi hadithi hii huwa naitazama kwa jicho la fundi. Mtu wa kwanza alichonga kwa sababu alikuwa peke yake. Hakuna aliyemuuliza, hakuwepo wa kumuuliza. Lakini waliokuja baadaye walipomsimulia hawakusahau kutaja kwamba alikuwa haogi wala hanyoi. Ule uchafu ndio unaonieleza upweke wake, kuliko kama wangesema tu "alikuwa mpweke".

Wapo pia wasanii ambao maana inawatangulia, na hao ukurasa wao ni rahisi. Ukija Mtwara mjini pita Majengo, kanisa la Mtakatifu Paulo. Kuta zimejaa picha za Biblia za padri Mjerumani, Polycarp Uehlein, aliyezichora katikati ya miaka ya 1970, na amechora pia makanisa mengine ya huku kusini. Yule alijua kabla ya brashi kugusa rangi: picha zimsaidie muumini kufuata mahubiri. Nenda tu ukatazame, hata kama si dhehebu lako, rangi zina nguvu. Lakini usimwige katika kueleza. Wewe hukuanza na mahubiri.

Tuje kwenye picha zako, maana nimezitazama jana jioni na leo asubuhi.

Ya kwanza: wanawake watatu chini ya mwembe, wamekaa juu ya magunia, migongo kwetu. Khanga ya wa katikati imechakaa begani, umeichora mpaka nyuzi. Ya pili: mikono tupu, jozi mbili, imepakwa majivu, vidole vimeshika korosho na kijiwe. Kwenye ncha za vidole umeweka weusi usio wa ngozi. Hapo nilisimama. Asiyewahi kubangua hajui kwamba lile ganda lina mafuta yanayochubua ngozi, yanaiacha nyeusi kisha inabambuka, na kwamba majivu yale ni ya kujikinga. Wewe umeuweka weusi ule kwa rangi nyingine kabisa, wenye ubluu kwa ndani. Ya tatu: bati lililotobolewa juu ya moto, korosho zinachomwa, moshi umepanda na kufunika mabega na vichwa vyote. Ya nne: mama peke yake, jioni, gunia limeshafungwa, khanga ameifunika kichwani ikashuka mbele, mikono mapajani. Na mikono hiyo, ya mara moja tu katika picha zote, ni misafi.

Halafu ukaniambia nyuso zinakushinda.

Mdogo wangu, mimi nimesoma barua yako mara tatu. Mtu ambaye vichwa vya saluni vya mji mzima ni vyake, denge, panki, ndevu za kuchonga, macho yanayomtazama mpita njia, anashindwaje uso? Anayeshindwa uso huacha duara tupu, au huchora pua vibaya akaifuta akairudia mpaka rangi inakuwa tope. Nimefundisha, nimeziona hizo. Kwako hakuna alama ya kufuta hata moja. Picha ya kwanza umewageuza. Ya pili umewakata viwiko, vichwa vikabaki nje ya ubao. Ya tatu umeleta moshi. Ya nne umeleta khanga. Hizo ni njia nne tofauti za kuuficha uso, katika picha nne, na kila njia umeitafuta ndani ya kazi yenyewe ya korosho ili isionekane kama umeificha. Hiyo haikutokea kwa kushindwa. Au labda ilianza kwa kushindwa, kama kinyago cha Samaki Likankoa, kisha mkono wako ukaipenda na kuishika. Vyovyote vile, wewe unajua kuchora nyuso. Nyuso hizi ndizo huzichori.

Kwa nini?

Sikujibii. Ningeweza kubuni, nimekuambia nilishawahi kulipwa kwa kubuni. Inaweza kuwa heshima, kwamba kinamama hao wapo, wanatembea Masasi, na hutaki mtu wa Dar es Salaam awatazame machoni na glasi ya juisi mkononi. Inaweza kuwa hasira. Inaweza kuwa kuna uso mmoja usiotaka kuuchora, na ukichora wa wengine na wenyewe utakuja. Zile za saluni si nyuso za mtu, ni nyuso za nywele, labda ndiyo maana zinakubali. Kaa nalo hilo. Usilijibu kwa kuandika. Chukua simu, weka kinasa sauti, mweleze mtu aliye karibu nawe kwa Kimakua, au kwa lugha yoyote unayogombania nayo nyumbani, jinsi ulivyoichora ile ya nne tangu ulipoanza kukata ubao. Uliweka nini kwanza? Ulisita wapi? Khanga ilikuja lini, kabla ya kichwa au baada? Mikono uliisafisha saa ngapi, na ulipoisafisha ulikuwa unafikiria nini, hata kama ulikuwa unafikiria bei ya unga. Zungumza dakika kumi. Kisha sikiliza, na yale mahali ulipokwama au ulipocheka ndiyo uyaandike kwa Kiswahili.

Ukigundua kwamba sababu ni ya ndani mno, hulazimiki kuitoa. Hapo ndipo lipiko linapokufundisha. Unaweza kusema ulichofanya na ukaishia hapo: "Katika picha hizi hakuna uso. Nyuso najua kuchora." Msomaji mwenye akili atasimama palepale niliposimama mimi. Siri iliyotajwa kwamba ipo ni bora mara mia kuliko mzimu wa kuazima.

Sasa maneno. Kuna msamiati ambao kila msanii wa nchi hii akiwekewa maikrofoni humtoka kama kikohozi: kuelimisha jamii, kufikisha ujumbe, changamoto, kuenzi utamaduni wetu. Sisemi ni uongo. Nasema yanafaa picha yako na picha ya jirani yako na tangazo la chandarua, yote kwa pamoja. Sentensi inayoweza kubandikwa kwenye kazi ya mtu mwingine bila kubadilishwa neno, ifute. Acha ile isiyoweza kuhama. "Weusi wa vidole nimeuchanganya na bluu kwa sababu..." hiyo haihami.

Barua yako uliyoniandikia ina karibu nusu ya ukurasa wanaoutaka. Nimechukua maneno yako, nimeyapanga tu na kuongeza nilichokiona:

"Naishi Masasi. Mchana nachora mabango. Vichwa vingi vya saluni za kunyoa vya mji huu ni vyangu. Usiku nachora kinamama wa kwetu wanaobangua korosho. Nilianza kwa sababu ya hela. Nachora kwenye silingibodi kwa rangi ya mafuta, ileile ya mabango. Mafuta ya ganda la korosho huchubua mikono, ndiyo maana wanapaka majivu. Nyuso najua kuchora. Hizi sikuzichora."

Baada ya hapo endelea wewe, au usiendelee. Nusu ukurasa unatosha. Wakikuambia ni mfupi, waulize ni sentensi gani hawakuielewa. Andika Kiswahili, wakitaka Kiingereza watafute mkalimani, na kabla haijachapwa mwombe mkalimani akusomee tafsiri yake kwa Kiswahili tena. Ukisikia "roho" au "wahenga" humo ndani, jua kuna kijana amelipwa kwa kikaratasi.

Kumbuka kile kinyago kilichorudi kutoka Geneva bila jina la mchongaji: nyuma ya kila ubao andika jina lako kamili, Masasi, mwaka na jina la picha, kwa rangi ya mafuta. Kalamu ya wino inafifia. Kwenye kona ya mbele saini ndogo inatosha. Silingibodi inapenda unyevu na pembe zake zinavunjika kwenye buti la basi, kwa hiyo pigilia fremu ya mbao kwa nyuma, panga mbilimbili picha zikitazamana, katikati weka kitambaa safi (usiweke gazeti, linaganda kwenye rangi ambayo haijakauka vizuri), funga kwa boksi. Bei iamue ukiwa nyumbani, iandike, usiulizwe ghafla ukataja ya bango. Na zipige picha vizuri mchana kivulini kabla hazijaondoka, hasa ile ya nne, maana hiyo ndiyo itakayonunuliwa kwanza na hutaiona tena.

Ukipata nafasi, ukipita barabarani, nipigie picha na moja ya yale mabango ya saluni unitumie. Nataka kuviona hivyo vichwa.